Kupima Ufanisi wa Pawa Saplai kwa Usahihi

Kamati ya usharika inapoandaa ombi la fedha za sola kwa ajili ya kompyuta za ofisi au vifaa vya zahanati, inabidi ijue pawa saplai inavuta wati ngapi na inatoa wati ngapi. Wati zinazotoka zikigawanywa kwa zinazoingia, ndio ufanisi. Hesabu hii ikikosewa, fedha za wafadhili zitanunua paneli zisizohitajika, au betri zitakwisha kabla ya usiku wa manane.

Pawa saplai za siku hizi hubadili umeme kwa kuuwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Nyingi kati ya zile ndogo huvuta umeme wa soketi kwa vipindi vifupi tu, volti inapokuwa kileleni. Fundi akipima volti na ampia kisha akazidisha, hapati wati bali volti-ampia, na tofauti yake si ndogo.

Tuchukue mfano. Upande wa kutoka tuna volti 12 na ampia 6, yaani wati 72. Upande wa soketi tuna volti 230 na ampia 0.6, ukizidisha unapata 138. Mtu atasema ufanisi ni asilimia 52 na kukitupa kifaa. Lakini kipimo cha wati, kile kinachochomekwa kati ya soketi na kifaa, kinaonyesha wati 85. Ufanisi wa kweli ni asilimia 85 hivi. Kwa saa 8 betri zidai wati-saa 680, si 1,104! Hata hivyo ile 138 isifutwe, kwani waya na inveta lazima viweze kuibeba.

Mita ya bei nafuu huongeza utata. Mkondo wa namna hii huisomesha chini ya ukweli, hivyo ufanisi huonekana mzuri kuliko ulivyo.

Upande wa kutoka, volti zipimwe kwenye vituo vya pawa saplai yenyewe. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 3, kwenda na kurudi, hupoteza karibu volti 0.4 kwa ampia 6. Hizo ni wati 2.5 za waya, wala si kosa la pawa saplai.

Aidha, kifaa kiachwe kifanye kazi nusu saa kwanza, kisha kipimwe kwa mzigo mtakaoutumia kweli. Kwa mzigo mdogo sana ufanisi hushuka, maana saketi zake zenyewe zinakula umeme hata pasipo kazi. Ndiyo sababu mpango wa 80 PLUS, ulioanza mwaka 2004, ulidai asilimia 80 katika mizigo mitatu: asilimia 20, 50 na 100.

Vipimo vya upande wa soketi afanye fundi umeme. Katika fomu ya ombi, mwambieni aandike wati zilizoingia, zilizotoka, na mzigo aliopimia.