Siku ya mushahara, tusiruke kama golikipa

Tunaikumbuka sisi wote usiku ile ya tarehe 28 Januari 2024. Kule San Pedro, katika Côte d'Ivoire, Leopards na Misri walimaliza 1-1, na penalti zikaendelea mpaka zamu ya wagolikipa wenyewe. Yule wa Misri alipiga muti wa juu. Lionel Mpasi akaweka mupira, akapiga: 8-7!

Lakini leo tunataka kusema juu ya golikipa mwenye kungojea kwenye mustari. Michael Bar-Eli, mwalimu wa saikolojia ya michezo katika Israeli, pamoja na wenzake, walichunguza penalti 286 za mashindano makubwa, wakatoa kazi yao mwaka wa 2007. Karibu mipira 29 katika 100 ilipigwa katikati. Lakini wagolikipa walibakia katikati mara 6 tu katika 100. Na wenye kubakia walizuia moja katika tatu. Wenye kuruka hawakufikia hata 15 katika 100.

Sasa juu ya nini wanarukaka? Juu ya watu. Golikipa akiruka na goli ikaingia, tunasema: alijaribu. Akisimama, tunamutukana.

Tuangalie sasa mulango wa kampuni, siku ya mushahara. Marafiki wanangoja: « Vieux, utatuacha na kiu hivi? » Mwingine analeta telefone ya kulipa kidogo kidogo. Ndugu ana biashara ya moto, lakini jibu linatakiwa leo leo. Mwenye kukataa anaitwa muchoyo. Basi anaruka. Siku kumi zinapita, anarudi kwa lambert, na wengine wanamwachia hata karte ya banki.

Kuko na ile ya pari pia. Mutu anapoteza 10 000 FC, kichwa kinapata moto, anaweka 20 000 ili arudishe zile za kwanza. Ni timu yenye kufungwa goli moja, wote wanapanda mbele, na wanafungwa ya pili.

Mupigaji mwenye kufundishwa vizuri anachagua pembe mbele ya kushika mupira. Anavuta pumuzi, haangalii tena golikipa. Nyumbani njo vilevile: siku ya Mungu mbele ya mushahara, baba na mama wakae na karatasi. Bunga, nyumba, minerval, likelemba, deni. Hata bia iandikwe, tusidanganyane. Pale kwenye mulango jibu ni moja: « Tulishapanga na mama. » Na ile biashara ya moto ingoje siku tatu, ikiwa nzuri, itakuwako.

Kwa wachimbaji wa mikono ni nguvu zaidi, falanga zao hazina tarehe. Wakati Serikali ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi, tarehe 22 Februari 2025, hakuna muchimbaji aliyeulizwa. Hapo kupanga kiasi hakusaidii. Afazali kupanga fungu: kila mara munauzisha, fungu moja katika tano linaenda kwa mama mbele ya kugawana yenye kubakia.

Hatusemi kama karatasi inaongeza mushahara. Mushahara mudogo ni mudogo, na hiyo ni kazi ya sindika. Lakini wenye kuwa na watoto wa sekondari, muombe mapema zamu yenu ya likelemba iangukie mwezi wa nane, kwa sababu masomo yanaanza mwezi wa tisa.