Kamera ya Video: Chagua Kioo Kabla ya Jina

Siku hizi ni nadra kuhudhuria harusi, ubarikio, maulidi au mahafali mjini pasipo kumwona kijana mwenye kamera, akipita baina ya viti huku ameinama asiwazibe wageni. Picha za video, ambazo zamani zilikuwa anasa ya wachache, zimekuwa sehemu ya sherehe kama ulivyo wali na mshereheshaji. Ndiyo maana vijana wengi wanaomaliza masomo wameiona kazi hii kuwa mlango wa riziki, na wazazi wengi wamejikuta wakiombwa fedha za kununulia kamera. Wapo wanaochota katika kiinua mgongo, na wapo wanaokopa katika chama cha kuweka na kukopa.

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Fedha hiyo ikipotea hairudi upesi, na harusi iliyorekodiwa vibaya hairudiwi. Babu aliyesimama kumpa mjukuu wake wosia mbele ya ukoo hawezi kuombwa aseme tena mwezi ujao kwa kuwa picha imetoka nyeusi au sauti haikunaswa. Kwa hiyo uchaguzi wa chombo hiki si mchezo wa vijana tu, bali ni shauri la nyumba nzima.

Kosa linalofanywa na wengi ni kumaliza fedha yote kwenye kamera yenye jina kubwa, kisha kuifunga lenzi hafifu iliyokuja nayo katika boksi. Ushauri wa makala haya ni kinyume cha hayo: itazame lenzi kwanza, kisha sauti na mwanga, na kamera yenyewe iwe ya mwisho katika hesabu.

TULIKOTOKA

Mfumo wa kanda za VHS ulianzishwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, na mwaka 1985 kampuni ya Sony ikatoa Handycam yake ya kwanza, kamera ndogo ya kushikwa kwa mkono. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Katika miaka hiyo ya mikanda mnunuzi hakuwa na la kuchagua sana, kwani lenzi ilikuwa imeshikamana na kamera moja kwa moja.

Mambo yaligeuka mwaka 2008. Mwaka huo Nikon ilitoa D90 na Canon ikatoa EOS 5D Mark II, kamera za picha za kawaida zilizoweza pia kurekodi video. Kwa mara ya kwanza mtu wa kipato cha kawaida aliweza kubadili lenzi kama wafanyavyo watengenezaji wa sinema. Uhuru huo ndio ulioleta neema, na ndio ulioleta pia mkanganyiko tunaouona madukani leo.

ULIZA KAZI, USIULIZE KAMERA

Kabla ya kushika njia ya Kariakoo, kijana na aketi na karatasi aandike atapiga nini. Anayerekodi sherehe ukumbini usiku anahitaji lenzi inayopokea mwanga mwingi. Anayerekodi mahojiano au mafunzo ya mapishi sebuleni anahitaji lenzi pana, kwa kuwa chumba ni kidogo na ukuta uko mgongoni mwake. Anayerekodi mpira au ibada kutoka nyuma ya kanisa anahitaji lenzi ya kuvuta mbali. Hakuna lenzi moja inayozifanya kazi zote hizi vyema kwa bei ndogo, na anayekuambia ipo anataka kuuza tu.

NAMBA MBILI ZA KUJUA

Kila lenzi imeandikwa namba mbili zenye maana kubwa. Ya kwanza ni urefu wa fokasi, unaopimwa kwa milimita. Namba ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana; ikiwa kubwa, huvuta kilicho mbali. Lakini namba hii haina budi kusomwa pamoja na ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kihisi kikubwa kinachoitwa “fulu fremu” kina milimita 36 kwa 24. Vipo vidogo zaidi vya aina ya APS-C, na vingine vya Micro Four Thirds vyenye milimita 17.3 kwa 13. Kihisi kidogo hukata kingo za picha, hivyo lenzi ya milimita 50 iliyofungwa kwenye kamera ya APS-C ya Nikon au Sony huonyesha eneo sawa na la lenzi ya milimita 75 kwenye fulu fremu, na kwenye Micro Four Thirds huwa kama milimita 100. Asiyelijua hilo hununua lenzi kwa ajili ya sebule, akafika nyumbani na kuona inamtosha mtu mmoja tu, tena nusu.

Namba ya pili huandikwa kwa herufi f, mathalani f/1.8 au f/5.6. Hiyo hueleza upana wa kitundu kinachopitisha mwanga, nayo huenda kinyume na mazoea: namba ikiwa ndogo, kitundu ni kikubwa. Sababu ni kwamba namba hiyo hupatikana kwa kuugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha kitundu. Lenzi ya milimita 50 yenye kitundu cha milimita 25 ni f/2. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara 4 ya ile ya f/5.6, na ya f/1.8 hupitisha karibu mara 10.

Sasa izingatie lenzi inayokuja ndani ya boksi. Aghalabu ni ya milimita 18 hadi 55, nayo huanzia f/3.5 na kushuka hadi f/5.6 unapovuta karibu. Mchana uwanjani itakufaa vizuri. Usiku ukumbini, taa zikipunguzwa maharusi wakiingia, kamera italazimika kuukuza mwanga mdogo ilioupata, na picha itajaa chenga kama mchanga. Wakati huohuo lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, isiyovuta wala kurudisha, ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa katika orodha za Canon, Nikon na Sony. Kwa fedha ndogo hiyo kijana hupata picha ambayo kamera ghali yenye lenzi dhaifu haiwezi kuitoa.

Nguvu ya kioo ilidhihirika katika sinema ya Barry Lyndon ya mwaka 1975. Mwongozaji Stanley Kubrick alitaka kupiga picha za vyumbani kwa nuru ya mishumaa, akatumia lenzi za Zeiss za milimita 50 zenye f/0.7, zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Mishumaa ilitosha. Lakini kila jema lina gharama yake: kitundu kikiwa wazi sana, sehemu inayoonekana kali huwa nyembamba mno, na mtu akisogea kidogo tu uso wake hufifia. Kwa hiyo mwenye lenzi ya f/1.8 na afanye mazoezi nyumbani kabla ya kuchukua kazi ya watu.

NYUSO ZETU NA SHELA JEUPE

Lipo jambo linalotuhusu hasa sisi. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo, na matokeo yake yanaonekana katika albamu nyingi za zamani, ambamo nyuso zimekuwa kiza na meno pekee ndiyo yanayong’aa.

Kamera za leo zina uwezo mkubwa zaidi, lakini zikiachiwa zijipimie zenyewe, bado hutafuta wastani wa mwanga wa picha nzima. Bibi harusi aliyevaa shela jeupe akijaa katika picha, kamera hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, na uso wake huzama gizani. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akisogea, kamera huongeza mwanga na shela huungua likawa doa jeupe. Dawa ni kupima mwanga kwa uso wa mtu na kuufunga hapo. Kamera nyingi zina msaada wa mistari iitwayo pundamilia, inayotokea juu ya sehemu ambazo mwanga wake umefikia kiwango ulichokiweka. Unapochagua, uliza kama kamera inayo mistari hiyo, na mwombe muuzaji akuruhusu kumrekodi mtu mwenye shati jeupe dukani humo. Tazama uso na shati kwa pamoja.

MWILI WA KAMERA: MAMBO MANNE

Lenzi ikishapangiwa fedha, kamera na ikaguliwe kwa mambo manne.

Kwanza, je, inarekodi kwa muda gani mfululizo? Kamera nyingi za miaka iliyopita hujizima zenyewe baada ya dakika 29 na sekunde 59. Huo si ubovu. Katika Umoja wa Ulaya kamera iliyoweza kurekodi dakika 30 au zaidi ilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa ushuru, hivyo watengenezaji wakaweka kikomo chini ya hapo. Hiyo 5D Mark II hukatika mapema zaidi, baada ya dakika zipatazo 12 za ubora wa juu. Mahubiri au hotuba ya mgeni rasmi haingoji.

Pili, je, ina tundu la maikrofoni? Mtazamaji huvumilia picha yenye chenga, lakini hakai na sauti isiyosikika. Maikrofoni ya kubana kwenye nguo huifanyia sauti kile ambacho lenzi nzuri huifanyia picha.

Tatu, je, inaweza kurekodi fremu 25 au 50 kwa sekunde? Umeme wetu ni wa mzunguko wa 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Kamera iliyopangwa kwa nchi za mzunguko wa 60, kama Marekani, huweza kuonyesha mistari inayotembea juu ya picha ukumbini. Itafute sehemu ya mipangilio iliyoandikwa PAL, uchague fremu 25, na kasi ya shata iwe sehemu moja ya 50 ya sekunde. Kamera za mitumba zilizokusudiwa soko la Japani zikaguliwe zaidi, maana baadhi yake zina maandishi ya Kijapani pekee.

Nne, je, gharama ya kuhifadhi imehesabiwa? Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hutumia gigabaiti 45 kwa saa moja. Kadi ya gigabaiti 64 basi haifiki hata saa moja na nusu. Sherehe ya saa sita yahitaji kadi kadhaa, betri za akiba, na mahali pa kuhamishia kazi kabla ya kadi kufutwa.

LENZI ZA MITUMBA NA UNYEVU WA PWANI

Mwenye fedha kidogo asikate tamaa. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani zina nafasi fupi baina ya lenzi na kihisi. Ya Sony E ni milimita 18, ilhali ya lenzi za zamani za Nikon ni 46.5. Pengo hilo huruhusu kuweka pete ya kuunganishia, na lenzi ya zamani ikafanya kazi tena. Helios 44 ya milimita 58 na f/2, iliyotengenezwa Urusi ya Kisovyeti, inatumika hadi leo na wapiga video wengi duniani. Utazungusha fokasi kwa mkono, lakini huo ndio ufundi wenyewe.

Ila chunguza kuvu. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, unyevu wa hewa huotesha kuvu ndani ya vioo. Washa tochi nyuma ya lenzi, uchungulie mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, irudishe. Uliyonayo nyumbani usiifungie katika mkoba wa ngozi kabatini. Iweke katika kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya chembe za kufyonza unyevu.

KUIGAWA FEDHA

Basi mzazi atoeje fedha? Asitoe yote siku moja. Na anunue kamera ya kati, hata iliyotumika, iliyopita mitihani ile minne. Lenzi moja ya f/1.8; maikrofoni; stendi ya miguu mitatu; kadi na betri za akiba. Lenzi iliyokuja na kamera itabaki kwa kazi za mchana. Lenzi ya pili, ya kuvuta yenye f/2.8 isiyobadilika, inunuliwe kwa mapato ya kazi zenyewe, baada ya kijana kujua ni kazi ipi inayomlipa. Kamera huchakaa na kupitwa na mpya kila baada ya miaka michache, bali lenzi njema iliyotunzwa huhamia kamera ya pili na ya tatu.

Na kabla ya fedha yoyote kutoka, kijana na aazime kamera, au atumie simu yake ya mkononi, arekodi shughuli moja ya jirani bila malipo, mwanzo hadi mwisho. Familia iketi itazame kazi hiyo pamoja. Kama maneno ya wazee yanasikika na nyuso zao zinaonekana, huyo ameshaonyesha kuwa mkopo utalipika. Kama sivyo, afadhali kujifunza kwanza. Chelewa chelewa ya namna hiyo haimkoseshi mtu mwana, bali humlinda.