Istilahi za Hali ya Hewa Zinapopita Mtandaoni

Kwa muda mrefu kipimo chetu cha istilahi kimekuwa kimoja: je, neno hili linabeba dhana yake sawasawa? Kwa taarifa za hali ya hewa na mazingira zinazopelekwa kwa umma kwa njia ya mtandao, tumeona kuwa kipimo hicho hakitoshi. Hapana budi tuulize pia: je, neno litabaki na maana yake baada ya kutengwa na ukurasa lilipoanzia?

Swali hili lilitujia Marui, wilayani Kisarawe. Mzee mmoja, mkulima wa mihogo na korosho, alitupa simu yake tumsomee ujumbe uliokuwa umepita mikono mingi kabla ya kumfikia: "Tahadhari ya mvua kubwa ukanda wa pwani kesho." Kisha akatuuliza, "Wanangu, kesho hiyo ni ya lini? Pwani hiyo ni sisi, au ni wenzetu wa baharini? Na tahadhari hii ni ya kuhama bondeni, au ni ya kuanua mihogo tu?" Hatukuweza kumjibu hata moja.

Hatusemi kuwa kosa ni la waliotoa taarifa ya awali. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa zake pamoja na ramani, tarehe na rangi. Ngazi zake ni tatu: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Mbele ya ramani hiyo hapana utata. Lakini watu hawapelekeani ramani; hunakili maneno machache wakayatuma. Rangi hupotea njiani, na neno hubaki peke yake likibeba kiwango cha hatari. Nalo halikuzoea mzigo huo, kwa maana katika matumizi ya kawaida hakuna aliyepata kupanga "angalizo" na "tahadhari" kwa ngazi. Mwalimu humpa mwanafunzi angalizo, mzazi humpa mtoto tahadhari, na hakuna anayejiuliza lipi ni kali zaidi.

Hatupendekezi kuyabadili maneno hayo, maana yamekwisha kuenea, na kuanza upya kungezidisha mkanganyiko. Tunalopendekeza ni kwamba mfasiri au ofisa anayeandaa ujumbe aandike ngazi ndani ya sentensi yenyewe: "tahadhari, ngazi ya 2 kati ya 3". Tarakimu hainakiliwi vibaya kwa urahisi.

Swali la pwani lilitushangaza zaidi, kwani hatukuwa tumelifikiria kamwe. Katika maandishi tunatofautisha Pwani, yaani mkoa, na pwani, yaani ukingo wa bahari, kwa herufi kubwa tu. Herufi kubwa haisikiki ujumbe unaposomwa kwa sauti, na wengi wanaotuma ujumbe kwa simu hawaitumii. Marui imo katika Mkoa wa Pwani, lakini bahari haionekani kutoka huko. Mtu wa Marui anayeona kuwa "ukanda wa pwani" haumhusu hakosei Kiswahili. Ni afadhali kutaja wilaya kwa majina: Kisarawe, Kibaha, Mkuranga. Sentensi itarefuka, lakini si kitu.

Ama "kesho", "leo usiku" na "wiki hii", hayo hayafai kabisa katika taarifa za mtandaoni, kwa kuwa maana yake husogea kila ujumbe unapotumwa upya. Saa nazo zina hatari ya namna yake. Taarifa ya Kiingereza inayotaja saa tisa ya usiku ina maana ya saa tatu kwetu. Mtambo wa kutafsiri ukiiacha tarakimu ilivyo, ukaandika "saa 9 usiku", msomaji atangoja hadi karibu na alfajiri, akiwa amepotewa na saa sita. Wafasiri wanaoitegemea mitambo hiyo hawana budi kuikagua saa kwanza kabla ya neno jingine lolote.

Yapo pia maneno yanayoeleweka, ila yanaeleweka kinyume. "Mvua za wastani" mkulima huzisikia kama mvua za kiasi, pengine haba. Katika utabiri wa msimu, wastani ni kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha muda mrefu. Basi mahali ambapo kiwango hicho ni milimita 400, mvua ya milimita 300 ni ya wastani, na ya 500 vilevile. Kitenzi "kutarajia" nacho hutusumbua. Mtu hutarajia mgeni, mshahara, mavuno. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, hakuna aliyekuwa akikitarajia kwa maana hiyo. Tungependa kuona "huenda kikafika" au "kinahofiwa kufika", maneno ambayo pia hayaahidi kuliko utabiri wenyewe unavyoweza.

Kuhusu "tabianchi" tutasema machache, kwani limekwisha jadiliwa sana. Wapo wanaolisikia kama tabia ya taifa. Lakini "nchi" ya neno hili ni ile ya "nchi kavu", na sisi tunalitetea, mradi lielezwe linapotajwa mara ya kwanza: hali ya hewa ya mahali kwa miaka mingi, si ya siku moja.

Tulirudi kwa yule mzee na ujumbe tulioutunga kwa mfano: "Tahadhari, ngazi ya 2 kati ya 3. Mvua kubwa, zaidi ya milimita 50 katika saa 24. Wilaya za Kisarawe na Kibaha. Kuanzia Jumanne tarehe 14 Aprili, saa 3 usiku." Aliusikiliza mara mbili. Akakubali ngazi, wilaya, tarehe na saa. Kisha akauliza milimita 50 ni ndoo ngapi. Tulipiga hesabu palepale: lita 50 kwa kila mita moja ya mraba, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Akautazama uwanja wake, akaanza kuupima kwa hatua.