Mwanafunzi Akizima, Mwalimu Afanyeje?

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeukumbuka msemo huu tangu siku nilipoalikwa kuzungumza katika shule moja ya umma upande wa Tezo, kaskazini mwa mji wa Kilifi, kwenye barabara kuu iendayo Malindi. Mada yangu ilikuwa istilahi za Kiswahili. Nilipomaliza, kijana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akauliza: "Mwalimu, mtu akitumia unga ukamzidi, akazima, Kiswahili sanifu chasemaje?"

Nilimjibu kama tujibuvyo sisi wanaisimu. Nilisema wapo wasemao 'kuzidisha dozi' na wapo wasemao 'kupitisha kipimo', kisha nikaeleza ni lipi linalofaa zaidi na kwa nini. Kijana alishukuru, akaketi. Baadaye, tukinywa chai katika chumba cha walimu, niliambiwa kwamba kakake alifia nyuma ya nyumba muhula uliotangulia. Wenzake walikuwa naye. Walimsikia akikoroma, wakadhani amelala. Walipomwona amebadilika rangi, wakatoroka kwa kuogopa polisi. Kijana yule aliniletea swali la uhai, nami nikampa somo la msamiati.

Heroini si mgeni Pwani. Tangu miaka ya 1980 imekuwa ikiuzwa Mombasa, Malindi na Lamu, kwanza ile ya kuvuta iliyojulikana kama brauni shuga, kisha ile nyeupe ambayo wengi walianza kujidunga kwa sindano. Mwaka wa 1995 Mradi wa Omari ulianzishwa Malindi kuwasaidia watumiaji. Aprili 2014, manowari ya Australia iitwayo Darwin ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini katika Bahari ya Hindi, nje ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mapema mwaka wa 2015, hospitali ya Malindi ilifungua kliniki ya methadoni, miezi michache tu baada ya ile ya kwanza nchini kufunguliwa Mathari, Nairobi. Hapana shaka, basi, kwamba tatizo linajulikana.

Sidai kwamba shule zetu zimejaa heroini. Watumiaji wengi ni watu wazima. Hata hivyo, mwanafunzi wa kutwa hulala katika nyumba moja na kaka, mjomba au jirani atumiaye. Isitoshe, vidonge vya tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini ni za jamii ile ile ya afyuni. Mtoto akichanganya vitu hivyo na pombe au bugizi, hatari huongezeka maradufu.

Tuna mafunzo mengi ya kumkanya mwanafunzi asiguse dawa za kulevya, na ni vyema yaendelee. Lakini mwalimu afanye nini mtoto akianguka chooni wakati wa mapumziko? Hapo tumenyamaza. Nadhani lugha yetu imechangia kimya hiki. Mtu akishaitwa 'teja', huwa amekwisha kuhukumiwa, na aliyehukumiwa hakimbiliwi. Watu wa mitaani, kwa upande wao, husema 'amezima', kama taa. Ningependa tulishike neno hilo, kwani taa iliyozimika huweza kuwashwa tena, mradi mwenye kiberiti asikawie.

Dawa za jamii ya afyuni huua kwa kuizuia pumzi. Sehemu ya ubongo inayouamrisha mwili upumue hulegea. Mtu hukoroma kwa sauti ya ajabu, midomo na kucha hugeuka rangi, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, na akiitwa haitikii. Moyo huweza kuendelea kupiga kwa dakika kadhaa baada ya pumzi kukatika. Dakika hizo ndizo za kuokolea.

Wapo wanaommwagia maji baridi na wapo wanaomnywesha maziwa. Hayo hayasaidii, na maziwa huweza kumpalia. Linalotakiwa ni kuita msaada, kumlaza chali, kuinua kidevu chake njia ya hewa ifunguke, na kumpulizia pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano au sita. Akianza kupumua mwenyewe, alazwe ubavu na apelekwe hospitalini.

Aidha, ipo dawa iitwayo naloksoni. Huiondoa afyuni mahali iliposhika katika ubongo, na pumzi hurejea kwa dakika chache. Akipewa mtu ambaye hakutumia afyuni, haimdhuru. Nguvu yake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa hiyo safari ya hospitalini haiepukiki. Mwaka wa 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watu wanaoelekea kushuhudia ajali kama hizi wapewe dawa hiyo na wafundishwe kuitumia. Mamlaka ya shule za umma za Los Angeles, huko Marekani, iliamua Septemba 2022 kuipeleka katika shule zake, baada ya msichana wa miaka 15 kufia shuleni. Uamuzi ulikuja akiwa amekwisha kufa. Je, nasi tungoje jeneza?

Wakuu wa shule kadhaa wameniambia kwamba kuweka dawa hiyo ofisini ni kuwaalika wanafunzi waonje. Naheshimu hofu yao, ila siikubali. Ndoo za mchanga zilizotundikwa ukutani hazijapata kumfundisha mtoto kuwasha moto.

Naomba mambo matatu kwa shule za Kilifi. Kwanza, angalau walimu wawili katika kila shule wafunzwe kumpulizia mtu pumzi, jambo lisilohitaji hata senti ya kununulia dawa. Ujuzi huo utamfaa pia mtoto aliyezama maji. Pili, Wizara ya Afya na serikali ya kaunti zifikishe naloksoni katika zahanati zilizo karibu na shule, na hatimaye shuleni kwenyewe. Tatu, kila shule iandike kanuni, iisome mbele ya gwaride, kwamba mwanafunzi aitaye msaada kwa ajili ya mwenzake hataadhibiwa wala kufukuzwa kwa kuita. Kanuni hii ndiyo nzito kuliko zote, kwani kakake kijana yule hakukosa wenzake. Wenzake walikosa ujasiri wa kubaki.

Nikialikwa tena Tezo, sitaanza na istilahi. Nitamtafuta kijana yule, nimwombe radhi, kisha nimwite mhudumu wa afya asimame nami mbele ya darasa, aonyeshe jinsi kidevu kinavyoinuliwa.