Pesa Zimefika, Mwenyewe Hajafika



Ndugu wasomaji, na hasa kina mama mlio nguzo za majumba yetu, mwishoni mwa mwaka 2024 nilialikwa harusini Morogoro. Nikapata kuipanda kwa mara ya kwanza treni ya umeme ya Tanzania, ile iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni mwaka huo. Haina moshi wala mngurumo. Umeme huupata kutoka nyaya zilizotandazwa juu ya reli, na huweza kukimbia kilomita 160 kwa saa. Nilisoma dua ya safari, nikafungua msahafu, na kabla sijamaliza juzuu mbili tukawa tumewasili.

Njiani nilikuwa nimeketi karibu na bibi mmoja wa umri wa mama yangu. Aliniuliza, "Sheikh, kwenu wapi?"

"Naishi Mombasa, mama, lakini nimezaliwa Asumbi, bara, upande wa Ziwa Victoria."

"Na huko Asumbi umemwacha nani?"

"Dada yangu."

"Mara ya mwisho kumtazama ilikuwa lini?"

Nikahesabu kimoyomoyo. Ilikuwa mwaka 2017. Nilipomjibu, hakunilaumu. Alisema tu, "Mola awakutanishe kwa kheri," akageukia dirishani. Safari iliyobaki sikuweza kusoma. Fikira zangu zilikwisha kurudi kwenye treni nyingine, kuukuu, iliyokwenda polepole.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka dogo sokoni Asumbi. Wengi wanaijua Asumbi kwa misheni ya Wakatoliki na shule zake. Sisi Waislamu tulikuwa wachache, na Ijumaa baba alikwenda kuswali mjini Homa Bay. Lakini jamaa zetu wote walikuwa Mombasa, na kila mwaka shule zikifungwa alitupeleka kwao. Tulipanda gari hadi Homa Bay, tukaingia katika meli, tukapitia Kendu Bay hadi Kisumu. Hapo ndipo tulipoikuta treni ya jioni.

Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati ule, mwezi wa Disemba 1901. Waliofanya kazi hiyo ngumu ni zaidi ya watu 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na wengi miongoni mwao walikuwa Waislamu. Mmoja wao, Sayyid Baghali Shah, amezikwa Mackinnon Road, kando ya reli, na msikiti uliopo hapo unajulikana na kila msafiri wa njia ile. Baba hakuacha kuwaombea dua wafanyakazi hao kila tulipopita. Alikuwa akituambia kuwa wao ndio waliotuwekea njia ya kurudi kwetu.

Tulipanda daraja la tatu, kwenye viti vigumu. Mama alibeba chapati, mayai ya kuchemsha na samaki wa kukaanga, na majirani zetu Wajaluo walitufungia njugu na viazi vitamu, zawadi kwa watu wa Mombasa wasiowajua hata kwa sura. Treni ilipita Kibos, Miwani na Muhoroni katikati ya mashamba ya miwa, kisha ikaanza kupanda milima kuelekea Londiani na Mau Summit, na baridi ikaingia madirishani. Wakati wa swala ukifika, baba hutawadha kwa maji ya birika. Kwa kuwa tulielekea mashariki, kibla kilikuwa mkono wetu wa kushoto. Reli ikipinda, naye hupinda nayo taratibu, huku amejishika ubao wa kiti asianguke.

Asubuhi tulikuwa Nairobi. Huko tulishinda kutwa stesheni, na usiku tukapanda treni nyingine ya kuteremka pwani. Alfajiri ilitukuta upande wa Voi. Tukipita Mazeras tukaona minazi, na tulipovuka Makupa harufu ya bahari ikaingia behewani. Mama alikuwa akilia kila mwaka mahali hapo.

Mwaka 1979, nikiwa na umri wa miaka tisa, safari ilikuwa tofauti. Baba alikuwa ameamua kuwa nibaki Mombasa kwa nyanya, nisome chuoni. Usiku kucha, tulipokuwa tukipanda milima ile, dada yangu alinifunika kwa leso yake. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne. Siku ya wao kurejea nilikwenda stesheni kuwaaga. Dada alifungua fundo katika pindo la leso, akatoa senti zote alizokuwa nazo, akanitilia mkononi kupitia dirishani. "Usilie, ndugu yangu," alinambia. "Treni ikija, nami nitakuja."

Na alikuja. Hata baada ya kuolewa na mfanyabiashara wa huko huko Asumbi, alikuja na watoto mgongoni na mkononi, usiku mbili njiani, akiwa na njugu zake kikapuni. Nami nilikwenda kwake. Safari ilichosha, lakini hakuna aliyeichukulia uchovu kuwa udhuru.

Kisha mambo yakabadilika. Wazee wetu wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Treni za zamani zikachakaa, zikapunguzwa, na mwaka 2017 treni mpya ya Madaraka Express ikaanza kutufikisha Nairobi kwa muda wa saa tano au sita. Njia ikawa fupi mno, nami ndipo nikaacha kwenda! Nikawa na darasa, na mialiko, na simu mkononi. Kila mwezi nilimtumia dada pesa kwa simu, na nikidhani nimetimiza haki ya udugu. Siku moja nilimpigia kuuliza kama zimefika. Alinijibu kwa upole, "Pesa zimefika, ndugu yangu. Mwenyewe hajafika." Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Baada ya safari ile ya Morogoro sikungoja tena. Nilipanda treni hadi Nairobi, na kutoka hapo basi la usiku. Nilipoingia uani kwa dada, alikuwa ameketi akichambua mchele kwa vidole, uso ameuelekeza upande mwingine. Nikatoa salamu. Aliitika, kisha akauliza, "Ni nani wewe?" Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Macho yake yalikuwa yamefifia kwa muda wa miaka mitatu. Ujumbe wa pesa alikuwa akisomewa na mjukuu wake. Nilipomuuliza kwa nini hakunieleza, alisema hakutaka kunitia wasiwasi kwa simu. Alikuwa akingoja nije nijionee. Tulimpeleka kwa daktari. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho. Lilipasuliwa, na alhamdulillahi linaona. La pili lilikuwa na maradhi mengine, na daktari alisema lau tungelileta mapema lingeweza kusalimika.

Neno hilo, "mapema", nimerudi nalo Mombasa, na halijaniachilia.

Nimeyaandika haya ili nisiwe mwenye kuwafundisha wengine nikajisahau nafsi yangu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuunga udugu ni katika sababu za kukunjuliwa riziki na kubarikiwa umri, na kuwa muungaji wa kweli ni yule anayeunga hata pale anapokatwa. Mimi sikukatwa na mtu. Niliitwa, nikajibu kwa kutuma pesa. Kutuma pesa ni jambo jema, na asiyeweza kusafiri Mwenyezi Mungu amjua. Lakini sauti ya simu haikunionyesha macho ya dada yangu.

Basi kina mama, likizo ya shule ikikaribia, waulizeni waume zenu na watoto wenu swali nililoulizwa na yule bibi treni: kule kwetu tumemwacha nani, na mara ya mwisho kumtazama ilikuwa lini? Jibu likiwa zito, tafuteni nauli. Watoto wapatieni njugu na mahamri wabebe wenyewe, wajue kuwa kuna mtu anayewangoja.

Dada yangu anakuja Mombasa Shaaban ijayo, inshaallah. Nimemwambia nitakwenda kumchukua mimi mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.