Speke na Mabula

Juma hili nataka tulitazame jina Speke. Sisi wa Shinyanga tulilisoma shuleni: Mwingereza aliyetoka Kaze, huko Tabora, Julai 1858, akapita katika nchi yetu na kuliona ziwa Agosti 3. Ghuba iliyo mashariki ya Mwanza inaitwa kwa jina lake.

Huko kwao jina hilo ni adimu. Wachambuzi wa majina hulihusisha na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya ndege kigong'ota. Yaelekea babu mmoja alitaniwa hivyo, utani ukashika ukoo mzima! Tena jina la ukoo wa Kiingereza kwa desturi hupitia kwa wana wa kiume. Nyumba zikikosa wavulana, linakwisha.

Kwetu Wasukuma, Mabula ni mtoto wa mvua, na Shija huwafuata pacha Kulwa na Doto. Wamejaa vijijini, wala si ukoo mmoja. Mtoto hubeba jina la baba yake. La babu huenda likaachwa. Ndiyo maana nilimwona kijana mmoja Geita akihojiwa ofisini kuhusu shamba la babu yake: "Mbona wewe si Mabula?" Alirudishwa kijijini akatafute mashahidi.