Kabla hujalipia shamba la bondeni, nenda kwanza ukalione Bonde la Kilombero

Kila mwaka kuanzia Agosti napigiwa simu na vijana wanaotaka kuingia kwenye mpunga kibiashara, na swali ni lile lile: "Bwana shamba, kuna jamaa ananikodisha ekari 10 kule bondeni, bei poa, udongo mweusi tii. Nichukue?"

Jibu langu ni kwamba usitume hela kwanza. Tenga siku moja, uende bondeni ukiwa mgeni kama watalii wengine, uangalie maji na wanyama. Ukijua kusoma unachokiona, bonde lenyewe litakuambia ile bei poa imetoka wapi.

Eneo lenyewe ni la namna gani

Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mwaka 2002 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na eneo la karibu hekta 800,000. Usichanganye hapa. Kuwa Ramsar hakumaanishi kilimo kimekatazwa bonde zima, maana ndani yake kuna vijiji na mashamba halali. Ila mwaka 2023 sehemu ya bonde ilipandishwa hadhi kutoka Pori Tengefu na kuwa Pori la Akiba Kilombero, chini ya TAWA. Ndani ya pori la akiba hakuna kulima wala kuchunga. Anayekukodisha humo anakuuzia kesi.

Maji yanafanyaje kazi

Mito kama Mnyera, Ruhudji, Mpanga na Kihansi inashuka kutoka milimani na kuungana kuwa Mto Kilombero, ambao unaupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Mvua zikikolea, hasa Machi na Aprili, mto unajaa na kutandaa kwenye nyasi. Maji yakitulia, tope laini linabaki chini. Ule udongo mweusi unaousifia umeletwa na mafuriko, mwaka baada ya mwaka. Baadaye nyasi na matete yanayaachia maji kidogo kidogo, ndiyo maana mto haukauki kiangazi.

Kwa hiyo mafuriko kule chini ni kawaida ya mto. Shamba lililo katikati ya njia ya maji litapata rutuba, na mwaka mwingine litapata maji ya kifuani mpunga ukiwa unachanua.

Ukifika, angalia nini

Kiangazi kilichopita nilikwenda na vijana saba wa kikundi cha mpunga. Tuliomba kibali kwa TAWA, tukachukua bodaboda kutoka Ifakara mjini hadi Kivukoni, karibu na Daraja la Magufuli, kisha tukapanda mitumbwi na mzee mmoja mvuvi. Mambo manne niliwaonyesha.

*Alama za maji.* Tazama mashina ya miti. Tope lililokauka na takataka zilizonasa kwenye matawi zinakuonyesha maji yalifika wapi. Kama alama iko juu ya kichwa chako, usipande mpunga mfupi hapo.

*Njia za viboko.* Kijana mmoja aliona mistari miwili imekwenda sambamba kwenye nyasi, katikati pamebaki kigongo. Akauliza, "Mzee, hii njia ya trekta mbona inaishia majini?" Mzee akacheka: "Trekta gani linalala mtoni, mwanangu?" Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na kwa usiku mmoja anamaliza karibu kilo 40. Kwake jaruba lako ni nyasi tu. Ukikuta njia ya namna hiyo mita chache kutoka shamba unaloonyeshwa, fikiria mara mbili.

*Sheshe.* Ni swala mwenye rangi ya dhahabu anayependa nyasi za pembeni mwa maji. Kilombero iliwahi kuwa makao ya kundi kubwa kuliko yote duniani, lakini wamepungua sana kwa sababu ya mashamba, mifugo na ujangili. Sheshe hufuata maji, yakipanda anarudi nyuma, yakishuka anasogea. Anapochunga kiangazi ujue kwa kawaida panafunikwa masika.

*Ndege.* Si kila ndege mdogo kwenye matete ni kwelea kwelea. Kuna ndege wa manjano wa jamii ya mnana, aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1990, ambaye makao yake ni bonde hili. Ukichoma matete unamnyang'anya nyumba. Kwelea ndio balaa, kwa kuwa kila mmoja hula wastani wa gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja ni tani 10 kila siku. Ukiwaona, toa taarifa mapema kwa afisa kilimo wa kata ili wapuliziwe kwa utaratibu. Usitege sumu mwenyewe, utaua samaki na bundi anayekulia panya bure. Na pandeni pamoja na majirani, maana shamba linaloiva peke yake ndilo linalobeba ndege wote.

Piga hesabu

Vijana wengi wananiambia, "Wanyama wakila, serikali si italipa?" Kuna kifuta jasho, lakini si fidia. Kanuni za mwaka 2011 zilizoweka utaratibu huo zilitoa kiwango cha juu cha shilingi 100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi 5. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikupewa kitu. Yaani kwa kanuni zile, ekari 10 zikiisha zote, ulikuwa unapata 500,000 ukibahatika. Linganisha na trekta, haro, mbegu, mbolea, dawa ya magugu na vibarua. Viwango vya sasa ulizia ofisi ya maliasili ya wilaya.

Kabla ya kulipa

1. Chukua pointi za GPS za pembe zote za shamba, zipeleke TAWA na ofisi ya ardhi wakuangalizie kama liko nje ya mpaka.
2. Nenda serikali ya kijiji, uliza mpango wa matumizi ya ardhi unasemaje kuhusu eneo hilo. Mkataba uandikwe pale ofisini, si kwa dalali.
3. Pima mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo hilo.
4. Kama utavuta maji kwa pampu, ulizia kibali Bodi ya Maji Bonde la Rufiji.
5. Ongea na wazee na wavuvi wa hapo. Waulize maji ya Aprili 2024 yalifika wapi.

Muda mzuri wa kwenda ni Juni hadi Oktoba. Panda mtumbwi asubuhi na urudi mapema kabla viboko hawajaanza kutoka, na usinawe ukingoni kwa sababu ya mamba.

Nauli na mtumbwi vitakugharimu kidogo. Ekari 10 zilizolala chini ya maji zitakula mtaji wa msimu mzima, na hakuna wa kukurudishia.